Maana ya "Kupiga Debe"

Wengi wetu hapa Uganda twajifunza Kiswahili darasani, na yako maneno ambayo vitabu huyapita upesi, lakini wenyewe huyatumia kila siku. Mojawapo ni "kupiga debe". Mgeni akilisikia Dar es Salaam aweza kudhani kuna ngoma, kumbe hakuna bati lililoguswa.

Debe ni chombo cha bati chenye pembe nne, kilichotumika kutilia mafuta ya taa. Huchukua kiasi cha lita 18. Mafuta yakiisha, watu hulichotea maji au kulipimia mahindi, na mpaka leo nafaka huuzwa kwa debe. Likiwa tupu, ukiligonga kelele zake hufika mbali. Basi mtu anayesifu kitu kwa kelele ili watu wakitake, husemwa kwamba anakipigia debe.

Neno hili lina matumizi mengi. Kwanza, katika stendi za mabasi yuko "mpiga debe". Yeye si dereva wala kondakta. Kazi yake ni kuita abiria, naye hupewa chochote gari likijaa. Ndiyo sababu hukuambia, "Bado mmoja tu, twaondoka!" hali viti vitano vi wazi. Hakuchukii, ila ujira wake umo katika kujaa kwa gari, haumo katika kufika kwako.

Pili, magazeti husema mwanasiasa fulani "alimpigia debe" mgombea, yaani alimwombea kura. Tatu, hutumika kwa biashara na muziki. Hapo vijana wa Tanzania wana neno jingine, "kiki". Msanii "akitafuta kiki" huzusha ugomvi au uchumba ili azungumzwe, na baada ya siku chache wimbo wake mpya hutoka.

Kupiga debe si sawa na kupiga mbiu. Mbiu ni pembe, na wazee walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo." Mbiu hukupa habari, kisha wewe waamua. Debe limekwisha kukuamulia.

Walisema pia, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni ya kweli, lakini isishikwe kupita kiasi. Chanjo ya surua ni kitu kizuri, na bado wauguzi hulazimika kuitangaza kijiji kwa kijiji. Kwa hiyo kelele peke yake si dalili ya ubaya. Swali ni hili: anayepiga debe hulipwa kwa lipi, na debe lenyewe lina nini ndani?

Sisi tunaokaribia kumaliza shule twahitaji swali hilo kuliko wengine. Tangazo la kamari ya mpira hutuonyesha kijana mmoja aliyeshinda. Waliopoteza karo hawaonyeshwi. Wakala wa kazi za ng'ambo hutaja mshahara, lakini mkataba hautoi mpaka umekwisha kulipa. Tuombe kuuona mkataba kwanza, tuusome, tuwaulize waliotangulia kwenda.

Debe tupu haliachi kuvuma. Lakini debe hilo hilo ndilo kipimo cha sokoni, na mnunuzi mwenye akili hutazama kwanza kama limejaa, ndipo afungue mfuko wake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita