Kwa Nini Wasiongeze Treni Tu?

Muhula huu, katika somo la Jiografia, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza: ikiwa abiria wa London wanasongamana, kwa nini wasiongeze treni tu? Kengele ililia kabla sijamjibu. Najibu hapa, maana huenda na wazazi wangependa kujua.

Mfano wangu ni Docklands Light Railway, reli nyepesi iliyoko mashariki ya mji ule. Treni zake ni za umeme, nazo huweza kupita penye kona kali. Hazina dereva, kompyuta ndiyo iziendeshayo, ingawa yumo mtumishi wa kuwatazama abiria. Ilifunguliwa mwaka 1987 ikiwa na treni 11 tu, kila moja gari moja lenye urefu wa meta 28 hivi. Bandari ya zamani ilikuwa imekwisha kufungwa, na abiria walikuwa wachache. Kisha yakajengwa majumba makubwa ya ofisi huko Canary Wharf, na treni zikafurika.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme treni moja huchukua watu 200. Ikipita kila dakika 10, kwa saa moja watachukuliwa watu 1,200. Ikipita kila dakika 5, watakuwa 2,400, na tena kila mtu atangoja nusu ya muda aliongoja kwanza. Ukirefusha treni maradufu utawachukua watu wale wale 2,400, lakini kungoja hakupungui. Kwa hiyo mimi napenda zaidi njia ya kwanza, mradi iwezekane.

Lakini ina mpaka. Treni ya nyuma lazima iwe na nafasi ya kusimama ikiwa ya mbele imekwama. Katika miaka ya 1990 reli hii ilipata mitambo ya kompyuta ipimayo umbali wa treni na treni, hivyo zikaweza kufuatana kwa karibu zaidi. Kizuizi kikubwa zaidi ni njia panda, kwani treni moja ikingoja nyingine ipite, zote za nyuma huchelewa. Hata jikoni kwetu, ukiongeza masufuria ya uji na mgawaji akabaki mmoja, foleni haifupiki! Karibu na Canary Wharf ilibidi ijengwe njia ya kupita chini ya nyingine. Tangu mwaka 2009 treni zitokazo Bank kwenda Lewisham hupita huko, lakini hazisimami tena West India Quay. Wengi walipata nafuu, na wa stesheni ile wakapungukiwa.

Hatimaye ikawa lazima kurefusha treni pia, na mwaka 2010 zikaanza treni za magari matatu kati ya Bank na Lewisham. Gari refu hutaka umeme zaidi na jukwaa refu. Stesheni ya South Quay ilikuwa imebanwa na kona, isiweze kurefushwa, basi mwaka 2009 ikajengwa nyingine upya mahali pengine karibu. Cutty Sark iko chini ya ardhi, na kuichimba tena kungegharimu fedha nyingi mno. Imeachwa fupi hivyo hivyo: treni ikisimama pale, milango ya mwisho wa mbele na ya mwisho wa nyuma haifunguliwi, na abiria wa huko hutakiwa kusogea katikati mapema.