Kuuza simu ng'ambo: Tawakkul haiondoi tahadhari

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa Utume alikuwa mfanyabiashara, na watu wa Makka wakamwita Al-Amin, yaani mwaminifu. Ziwashukie pia Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona tukumbushane jambo linalowasibu vijana wetu walioko masomoni na makazini Uingereza, Marekani na kwingineko, na ambalo sura yake nyingine imekwishaingia katika nyumba zetu za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Nalo ni kuuza simu iliyokwishatumika kupitia intaneti, kwa mnunuzi asiyeonekana, kisha kuituma kwa posta hadi nchi ya mbali. Kuuza kilicho chako ni halali, wala umbali wa mnunuzi hauiharamishi biashara. Lakini umbali huo ndio mlango wanaoupitia matapeli.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeko Leicester. Kodi ya chumba imepungua, naye anaitangaza simu yake kwa paundi 150. Baada ya saa chache anapata ujumbe unaoanza kwa salamu kamili ya Kiislamu. Mwandishi wake haulizi hali ya betri wala kama kioo kina ufa. Anasema atalipa paundi 220, ili ziada igharimie posta, kwa kuwa simu ni zawadi ya ndugu yake aliyeko Lagos. Jioni inakuja barua pepe yenye nembo ya PayPal, ikieleza kuwa fedha zimekwishalipwa, ila zimezuiliwa mpaka muuzaji apeleke namba ya kufuatilia kifurushi. Kijana anakwenda posta, anatuma simu, anapeleka namba. Fedha haziji. Barua ile iliandikwa na mnunuzi mwenyewe. Simu imekwenda, na kodi ya chumba bado inamngoja.

Tuutazame mtego huu ulivyotegwa. Kwanza, bei imepandishwa bila kuombwa. Mnunuzi wa kweli hupunguza. Huyu anaongeza, kwa sababu hana nia ya kulipa. Tamaa ikishaingia moyoni, mtu huiita rizki na kuacha kuuliza. Pili, hakuna swali hata moja kuhusu simu. Tatu, muuzaji anahimizwa atume kwanza, na ushahidi pekee wa malipo ni ujumbe. Hapa ndipo penye kiini cha mambo: ujumbe unaosema fedha zimeingia si fedha. Yule kijana angeufungua ukurasa wa akaunti yake mwenyewe, kwa kuandika anuani yake na si kwa kubofya kiungo kilichomo katika barua, angeona kuwa hakuna kilicholipwa.

Utapeli huu una ndugu zake. Upo wa hundi: mnunuzi hutuma hundi inayozidi bei na kuomba arudishiwe ziada. Benki huweza kukuruhusu uzitumie fedha kabla hundi haijathibitishwa. Ikigundulika siku za baadaye kuwa ni ya bandia, benki huzidai kwako. Upo pia wa malipo ya kweli yaliyofanywa kwa kadi ya wizi: mwenye kadi akilalamika, fedha huondolewa katika akaunti yako, na simu imekwishavuka bahari. Na huku kwetu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ndugu wa mtego huo ni ujumbe mfupi wa kughushi unaofanana na ule wa malipo. Dawa ni ile ile: angalia salio lako mwenyewe kabla mali haijaondoka mkononi.

Wala tusiligeuze jambo hili kuwa sababu ya kulitukana taifa zima. Utapeli wa barua huitwa 419 kwa kuwa hiyo ndiyo namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachouadhibu. Tapeli ana nchi yoyote na jina lolote, likiwamo jina la Kiislamu.

Fiqhi yetu imelitangulia jambo hili

Wanazuoni wetu wa fiqhi walilijadili kwa kina suala la qabdh, yaani kukipokea na kukimiliki kitu mkononi. Mtume (S.A.W.) alikataza chakula kilichonunuliwa kiuzwe tena kabla ya kupokelewa. Tukijifunza adabu hiyo, tutatambua pia kuwa bei isiyofika mkononi haijawa yetu. Aidha, katika Surat al-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuliandika deni la muda na kuliwekea mashahidi, akatuondolea uzito wa kuandika katika biashara ya papo kwa papo, ya mkono kwa mkono. Simu inayotumwa ng'ambo si biashara ya mkono kwa mkono. Basi makubaliano yaandikwe, na risiti zihifadhiwe.

Wapo watakaosema: "Kaapa kwa Mwenyezi Mungu, nitamdhania vibaya vipi?" Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alimsikia mtu akimsifu mwenzake, akamuuliza kama ni jirani yake, kama amesafiri naye, na kama amewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu. Alipojibu hapana, Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Kutoituma simu yako kwa usiyemjua si kumdhania vibaya. Na Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee kwa Mola wake.

Muuzaji naye ana wajibu

Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kuna maji, na akajitenga na mwenye kughushi. Simu yenye betri inayokwisha chaji kabla ya adhuhuri ni nafaka iliyolowa. Taja kasoro zake na uipige picha kama ilivyo.

Baadhi ya wanunuzi huomba iandikwe katika fomu ya forodha kuwa simu ni zawadi, au ithaminiwe chini ya bei yake. Huo ni uongo katika maandishi. Isitoshe, kifurushi kikipotea, muuzaji atashindwaje kudai fidia ya paundi 150 kwa kitu alichosaini mwenyewe kuwa ni cha paundi 20? Hakika atashindwa kwa urahisi.

Simu zetu pia zimebeba sitara za nyumba: picha za wake zetu na mabinti zetu, na mazungumzo ya faragha. Kabla ya kuiuza, toa laini na memori kadi, jitoe katika akaunti ya Google au iCloud, kisha irejeshe simu katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Akaunti ikibaki, mnunuzi huweza kufungiwa nje ya simu aliyoilipia, na hilo ni dhulma japo hukulikusudia.

Ikibidi kutuma

Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI yenye tarakimu 15, uiandike na kuipiga picha. Wapo wanaopokea simu nzima, wakadai ni mbovu, kisha wakarudisha nyingine ya zamani; namba hiyo ndiyo shahidi wako. Tuma kwa huduma inayofuatiliwa, inayotiwa saini na yenye bima, na kwa anuani ile ile iliyomo katika kumbukumbu za malipo, si nyingine iliyoletwa baadaye kwa ujumbe. Uliza posta masharti ya betri za lithiamu, kwani huweza kushika moto, na betri iliyo peke yake huwekewa masharti makali kuliko iliyofungwa ndani ya simu. Na ikiwezekana, muuzie mtu wa mji wako, mkutane mchana mahali penye watu. Paundi 150 za mkononi zina kheri kuliko 220 za kwenye barua.

Aliyekwisha kutuma na kushtuka njiani, asikae kimya. Aende haraka ofisi ya posta aliyotumia, aombe kifurushi kirudishwe kabla hakijakabidhiwa. Kisha atoe taarifa polisi na kwa kampuni ambayo jina lake limeghushiwa.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Kijana aliyetapeliwa huona haya, akaficha, na haya hiyo humpa tapeli siku za kutokomea. Akitupigia simu usiku kutueleza, tusianze kwa kumkebehi. Tumwambie kwanza akimbilie posta asubuhi, mawaidha yatafuata.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie rizki ya halali, atukinge na hila za wadanganyifu, na atukinge tusiwe miongoni mwao. Amin.

Wallahu a'lam.