Paa Nunga wa Uwandani

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza sababu ya paa nunga kuwa adimu katika kisiwa chetu cha Unguja.

Mtu atokaye Mjini kwenda mashariki hupita mashamba ya minazi, kisha hufika uwandani, penye mawe na vichaka. Huko wasasi wamezoea kuingia na mbwa na nyavu, na wengine na bunduki. Kila mmoja husema moyoni, “Nikimwacha mimi, mwenzangu atamchukua.” Wahenga walinena: chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Yafaa tujue kwamba paa nunga huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Jike akiuawa, pengo lake halizibiki upesi. Wanaosalia hujifunza hofu, wakajificha vichakani. Msasi hudhani wamehama, kumbe wamepungua. Na vichaka vikikatwa kwa kuni na makaa, hawana tena pa kukimbilia. Nje ya Zanzibar twamjua mnyama huyu katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu.

Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 iliviwezesha vijiji kupatana na Serikali juu ya ulinzi wa misitu yao, na mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa hifadhi ya taifa. Lakini mlinzi hawezi kusimama penye kila kichaka. Yatupasa sisi wenyewe kuzuia mikono yetu, ili watoto wetu wamwone paa nunga, wasimsikie kwa hadithi tu.