Koti la baridi: tujistiri, na tupendeze pia

Baridi imeshabisha hodi tena huku Uingereza. Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na ikifika Disemba hapa London jua huzama hata saa kumi alasiri haijatimia. Ndugu wa nyumbani wakipiga simu, swali la kwanza ni lile lile: "Huko baridi vipi?" Tunajibu, "Ya kawaida," maana ukianza kumweleza baridi mtu aliyekaa barazani Vuga na shati jepesi, mazungumzo hayafiki popote.

Basi leo tuzungumze mavazi. Wapo watakaosema haya ni mambo madogo na siasa zimejaa za kuandikwa. Sisi hatudhani hivyo. Tangu lini Mswahili akadharau nguo? Wazee wetu walivaa joho la sufu katika joto la Unguja, jasho likiwatiririka, kwa sababu siku ya Idi ama ya harusi mtu na heshima yake hatoki vivi hivi. Wao walivumilia joto ili wapendeze. Sisi tunashindwaje kupendeza na baridi?

Ukweli ni kwamba wengi wetu tulianza vibaya. Tuliofika mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulitua Januari na viatu vya wazi. Tukapelekwa miji ambayo hatukuichagua, mbali na London, na badala ya pesa tukapewa vocha. Utaratibu huo ulianza Aprili 2000 ukafutwa 2002, na shida yake ilikuwa kwamba ukinunua kitu kwa vocha dukani hurejeshewi chenji. Koti hukulinunua, ulilikuta katika maboksi ya michango kwenye chumba cha chini cha kanisa. Letu lilikuwa la buluu, kubwa mno, na ndani ya kola limeshonwa jina la mtu mwingine. Kituo cha basi ulitujua kwa mbali, mabega yameanguka, mikono imefunika vidole. Tulionekana watu waliovalishwa, si watu waliovaa.

Hata tulipopata kazi hatukununua koti. Oktoba 2001 ulipotiwa saini Muafaka tuliambizana kwamba mwakani tuko nyumbani, sasa koti la nini? Uchaguzi wa 2005 ukaja, ukapita, na lile la buluu bado lipo. Mwishoni mwa 2010 serikali ya umoja wa kitaifa ikaundwa Zanzibar na watu wakaanza kuulizia bei za tiketi. Mwezi uliofuata Uingereza ikapigwa na Disemba ya baridi kuliko Disemba zote tangu takwimu za taifa zilipoanza mwaka 1910. Siku moja tulisimama kituoni saa nzima, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, na basi haliji. Tulitoka pale moja kwa moja tukenda kununua koti la kwanza kwa pesa yetu wenyewe: la sufu, rangi ya makaa, linafika magotini. Mama watoto alitutazama mlangoni akasema, "Kumbe una mabega!"

Sasa tuwageukie wanaouliza mitindo. Linalotawala mitaani kwa miaka kadhaa sasa ni lile jaketi lililovimba kama mto, lililojazwa manyoya laini ya bata. Asili yake si ya wanamitindo. Mmarekani Eddie Bauer wa Seattle alikaribia kufa kwa baridi alipokwenda kuvua samaki, ndipo akabuni jaketi la namna hiyo, akapata hataza yake mwaka 1940. Kinachotia joto ni hewa inayonaswa katikati ya manyoya, kwa hivyo usilibane kwa mkanda ukadhani ndiyo unajihifadhi zaidi. Dada zetu wanaojisitiri wamenufaika mno, kwani siku hizi yanauzwa marefu mpaka chini, ambapo zamani ilibidi mtu avae buibui juu ya koti akaonekana amebeba mzigo. Ila manyoya yakilowa hayana kazi tena, na baridi ya Uingereza ni ya mvua. Wenzetu wa Minneapolis na Toronto, ambako baridi ni kali lakini kavu, wanaweza kuyaamini kuliko sisi wa Manchester. Huku chagua lenye kitambaa cha nje kisichopitisha maji.

Chini ya koti, siri ni kuvaa nguo nyepesi kadhaa kuliko moja nzito. Ya kwanza iwe ya kubana mwili, na isiwe pamba. Pamba ikishika jasho inakaa nalo, na ukitoka kwenye treni yenye joto ukaingia barabarani utatetemeka. Kanga, pamoja na mapenzi yetu yote, ibaki ya nyumbani. Viatu navyo nunua vyenye nafasi ya soksi nene, kwani kiatu kikibana, damu haiendi vizuri na vidole vinaganda.

Kuhusu skafu hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Wale wenye jamaa Muscat wanakijua kilemba cha Kioman kilichofumwa kwa sufu ya Kashmir. Kifunge shingoni juu ya koti jeusi, halafu uone watu wa ofisini watakavyouliza umekinunua wapi.

Pesa ndiyo kikwazo, khasa tangu Aprili 2022 kikomo cha bei ya gesi na umeme wa majumbani kilipopanda kwa asilimia 54 kwa mpigo, na watu wakazoea kukaa sebuleni na sweta mbili. Kimbilieni maduka ya hisani. Soma lebo: koti lililoandikwa sufu asilimia 80 lililovaliwa na marehemu litakushinda kuishi, na jipya la polyester litachoka kabla ya msimu wa pili. Tunajua wapo wanaoona haya. Nyumbani tuliziita nguo hizi kafa Ulaya tukazinunua Darajani bila ya kujali, iweje tuzionee haya hapa zilikofia? Si ajabu kijana akanunua koti kwenye robota la mtumba Dar es Salaam kwa ajili ya safari, akalirudisha London lilikotoka.

Wiki iliyopita kijana mmoja, mgeni wa miezi miwili, alikuja kwenye ukumbi wetu wa jumuiya tulipokuwa tukigawa makoti. Tukamwonesha moja zuri la sufu, linamkaa vizuri mabegani. Akalipapasa, akalirudisha, akachukua jaketi jembamba lililokuwa pembeni.

"Hili linanitosha, Ami," alisema. "Mimi sikai sana."

Tulilikunja lile la sufu tukamtilia ndani ya mfuko wake.