Parasetamoli Hailainishi Maharagi

Swali lenyewe huja hivi: kwa kilo moja ya maharagi, viwekwe vidonge vingapi vya parasetamoli ili yaive upesi? Wengine hutaka kujua kama viwili vinatosha, wengine kama kidonge kisagwe au kitiwe kizima, wengine kama kiingie maji yanapoanza kuchemka au mwishoni. Hakuna anayeuliza kama dawa hiyo inalainisha maharagi kweli. Jambo hilo limekwisha kukubaliwa katika mji wa Likasi, Katanga, kutoka mtaa wa Kikula hadi wa Panda, kama linavyokubaliwa katika miji mingine mingi ya Afrika Mashariki. Jibu la kitaalamu ni fupi: sifuri. Sababu zake ndizo ndefu kidogo, na inafaa zisemwe zote mara moja, kwa kuwa imani hii imeota mizizi na kukemewa peke yake hakujaing'oa.

Tuanze na malalamiko yenyewe, maana yana haki. Maharagi ya Likasi huchelewa kuiva kweli. Seli za punje zimeshikamanishwa na pektini, na kuiva ni pale pektini inapolegea na seli zikaachana. Kinachoikaza ni kalisi na magnesi, madini mawili yanayofika kwa njia mbili. Njia ya kwanza iko ndani ya punje. Maharagi yakikaa miezi mingi ghalani kwenye joto na unyevu, fitati iliyomo huvunjika na kuyaachilia madini iliyoyashika, nayo huhamia kwenye pektini na kuifunga. Kwa hiyo gunia lililovuka mpaka wa Kasumbalesa baada ya kulala muda mrefu njiani na ghalani halitapikika kama mavuno mapya, hata punje zikifanana rangi na ukubwa. Njia ya pili ni maji. Sehemu hii ya Katanga imekaa juu ya mawe ya chokaa na dolomiti. Chokaa ya Kakontwe, hapa hapa jirani, inajulikana kwa wanajiolojia wote wa Katanga. Ukiona ukoko mweupe ndani ya birika lako, madini hayo hayo ndiyo unayoyachemshia maharagi. Ongeza kwamba mji uko kwenye kimo cha mita 1,300 hivi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi karibu 96, wala si 100. Mpishi anayesema maharagi yanammalizia makaa hakosei hata kidogo. Anakosea dawa tu.

Ili kitu kilainishe punje, lazima kifanye moja kati ya mambo mawili. Ama kiiondoe kalisi kwenye pektini na kukaa mahali pake, kama inavyofanya sodiamu ya chumvi, ama kiyafanye maji yawe ya kimagadi hata pektini ikatike yenyewe kwa joto, kama yanavyofanya magadi na bikarbonati. Parasetamoli haifanyi lolote kati ya hayo. Haina sodiamu. Si ya kimagadi. Ikiwa na tabia yoyote majini, ni asidi dhaifu mno isiyobadilisha chochote. Haishiki kalisi. Na kipimo chenyewe tukitazame: vidonge viwili vya miligramu 500 ni gramu 1 ndani ya lita tatu au nne za maji. Hata kama dawa hii ingekuwa na uwezo huo, na haina, kiasi hicho kingekuwa kichache mno mbele ya kilo nzima ya punje kavu. Kidonge kilibuniwa kushusha homa na kutuliza maumivu, kazi inayofanyika katika mwili wenye damu na neva. Punje ya haragi haina homa wala kichwa cha kuuma.

Hapo hutokea pingamizi linalorudiwa kuliko yote: wengi wameweka, na maharagi yakaiva. Ni kweli yaliiva. Yangeiva hata bila kidonge, kwa kuwa yalikuwa jikoni saa mbili au tatu. Kidonge hutupwa pale mpishi anapochoka kusubiri, yaani punje zinapokaribia kulegea, kisha sifa yote ya moto na maji hupewa kidonge. Juma linalofuata hununuliwa maharagi mapya zaidi, yanaiva haraka, na imani inapata ushahidi mwingine wa uongo. Asiyeamini na apime kwa haki: sufuria mbili zinazolingana, maharagi ya gunia moja, maji ya ndoo moja, kwenye mbabula (majiko ya makaa) mbili zenye moto sawa, moja itiwe kidonge na nyingine isitiwe, kisha atupe chakula cha ile yenye dawa. Bila sufuria ya pili hakuna ushahidi. Iko hali moja tu ambapo kidonge huweza kuonekana kusaidia, nayo ni ya vile vidonge vinavyotoa povu ndani ya glasi. Povu hilo hutokana na asidi ya limau na bikarbonati ya sodiamu. Kama kuna kilicholainisha kitu sufuriani, ni hiyo bikarbonati, ambayo huuzwa peke yake kwa bei ndogo na bila dawa ndani yake. Anayetumia kidonge cha povu analipia dawa asiyoihitaji ili apate chembe ya kitu kilichopo dukani.

Pingamizi la pili ni kwamba moto huiua dawa. Hauiui. Parasetamoli huyeyuka kwenye nyuzi karibu 170, na maji ya sufuria yetu hayafiki hata 100. Karibu yote iliyoingia ndiyo inayoliwa. Na pale mtu anapochanganya kidonge na magadi, sehemu yake huweza kugeuka para-aminofenoli, kitu kinachodhuru figo. La tatu, ambalo ndilo linaloudhi zaidi, ni kwamba hakuna aliyekufa. Mtu mzima mwenye afya hatakufa kwa sahani moja, hilo halina ubishi. Lakini fanya hesabu ya mtoto. Vidonge 4 ni gramu 2. Gawa kwa sahani 6, kila moja inabeba zaidi ya miligramu 300. Mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 100 hadi 150 kwa dozi moja. Akimaliza sahani amekula maradufu ya dozi yake au zaidi, bila ugonjwa na bila mtu kujua. Kama ana malaria na kituo cha afya kimempa sharubati ya homa, iliyo na dawa ile ile, kiasi kinajumlika. Homa inaweza kushushwa na chakula, mama akaona mtoto ni mzima, na siku ya matibabu ikapotea. Ini la mtoto asiyelishwa vizuri, la mgonjwa wa homa ya ini, la anayekunywa pombe ya lutuku kila siku, ndilo linalozidiwa kwanza. Na mkosi wa sumu hii ni kwamba dalili za mwanzo, kichefuchefu na uchovu, hufanana na za magonjwa mengine mengi.

Hoja ya kubana makaa ndiyo pekee inayostahili heshima, kwa kuwa makaa ni ghali na maharagi ndiyo nyama ya nyumba nyingi: yakiliwa na bukari, yaani ugali, yanaupa mwili protini ambayo unga wa mahindi peke yake hautoi kwa kiasi cha kutosha. Basi fanya hivi. Nunua maharagi yaliyovunwa karibuni na umuulize muuzaji ya lini. Yaloweke usiku kucha kwenye maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Wanaosema chumvi huyafanya magumu wamelishika jambo kinyume, kwa sababu sodiamu ndiyo inayoitoa kalisi. Mwaga maji hayo, suuza. Pikia maji ya mvua ukiyapata, au maji yaliyochemshwa yakatulia na kuacha ukoko wake chini. Maharagi yakiwa ya zamani, nusu kijiko cha chai cha bikarbonati kwa kilo inatosha. Ukizidisha, yanaonja sabuni na vitamini B1 inapotea. Chemsha kwa nguvu nusu saa kamili, kwa kuwa maharagi mabichi yana sumu yake yenyewe isiyokufa kwa moto mdogo, kisha funika, funga sufuria kwa mablanketi au iweke kwenye kikapu kilichojazwa nguo, uiache saa tatu au nne. Irudishe motoni umalizie. Sufuria ya presha ikiwepo, mapishi yenyewe ni chini ya saa moja. Tomati ziingie punje zikishalegea, kamwe si mapema, maana asidi yake hukaza pektini. Vitunguu, mafuta ya mawese na karanga zilizotwangwa ziingie unapopenda. Pika mengi mara moja, gawa kwa siku mbili, na chemsha tena kabla ya kula.

Wanaopika maharagi ya kuuza karibu na masoko na vituo vya magari wanaombwa jambo moja zaidi. Anayepika nyumbani anajua alichotia sufuriani. Mteja wenu hajui, na hawezi kukionja. Kama mmezoea kutia vidonge, acheni leo.