Fahamu: Vipi Meli Hufika Montreal Mto Ukiganda
Zamani, mto Saint Lawrence wa Kanada ulipoganda, bandari ya Montreal, iliyo mbali na bahari kuu kiasi cha kilomita 1,600, ilifungwa hata majira ya kuchipua, na makuli wake wakakaa bila ya kazi; walakini tangu Januari 1964, marikebu ya Denmark iitwayo Helga Dan ilipowasili katikati ya baridi, bandari hiyo haifungwi tena kwa msimu mzima wa baridi.

Meli za kuvunja barafu haziikati kama kisu, bali hupandisha omo juu yake na kuiponda kwa uzito wao, vipande visije vikasongamana na kuufurisha mto mjini. Gatini, tagi, vyombo vidogo vyenye nguvu kubwa, hufukuza kwa mkondo wa rafadha zao barafu iliyokwama baina ya ubavu wa meli na gati. Na hiyo, kwa rai yangu, ndiyo kazi yenye mashaka zaidi, kwani maji yarukayo huganda sitahani, na uzito wake, usipoondolewa hima, waweza kukipindua chombo.

Nahodha wa meli ya kwanza kuingia bandarini Montreal kutoka baharini kila mwaka hutunukiwa bakora yenye kichwa cha dhahabu; ada ya kumtunuku nahodha huyo ilianza mwaka 1840.