Ukuta wa Nyuma ya Jiko: Kipi Kinafaa?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, nenda jikoni kwako upitishe kidole kwenye ukuta ulio nyuma ya jiko. Kikitoka na masizi yanayonata, safu hii inakuhusu. Mafuta yanayoruka kikaangoni hunasa masizi na vumbi. Usiku mende huja kula hapo, kisha hutembea juu ya sahani zako na vijidudu vya kuhara miguuni. Mwezi wa Ramadhani, sambusa na kachori zinapokaangwa kila alasiri, hali huwa mbaya zaidi.

Tuanze na vinavyodhuru. Wapo wanaobandika nailoni ya mezani yenye maua. Hupendeza wiki mbili (mwandishi wa safu hii aliwahi kujisifu nayo), halafu hukunjamana kwa joto, na moto ukiigusa huyeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Wengine huchukua vipande vya mabati ya asbesto vilivyovuliwa kwenye majengo ya zamani, kwa sababu haviungui. Ni kweli haviungui. Lakini ukivikata au kuvitoboa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo zikiingia mapafuni huweza kuleta saratani, pengine miaka 20 au 40 baadaye. Usiviguse kabisa.

Huku Mbinga nyumba nyingi ni za matofali ya kuchoma. Tofali tupu hunywa mafuta wala halioshiki. Piga lipu, ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 za mchanga, kisha niru juu yake lipu ikiwa bado mbichi, fundi aisugue kwa mwiko wa chuma mpaka iteleze. Umwagilie maji siku 7. Ndugu zetu wa Mbamba Bay na Liuli wana bahati: mchanga wa Ziwa Nyasa hauna chumvi kama ule wa baharini, ambayo hubambua lipu. Hata hivyo uoshwe utoke udongo.

Kama ukuta ni wa matofali mabichi, saruji haitashika vizuri. Afadhali uendelee kuukandika kwa udongo laini kila msimu. Udongo hauungui, na tabaka lililoshika mafuta hukwanguliwa likaondoka.

Vigae je? Ni vizuri, mwenye uwezo aweke. Uchafu hukaa kwenye mistari iliyo kati ya kigae na kigae, kwa hiyo mistari iwe myembamba na isuguliwe kwa brashi na sabuni. Fundi mvivu huweka matonge manne ya saruji kwenye pembe za kigae, katikati pakabaki wazi, na hapo mende hupata nyumba. Kabla hujamlipa, gonga kila kigae kwa kidole. Kikilia kitupu, akibandue.

Kimo kisipungue sentimita 60 juu ya kikaango. Na wewe unayekaanga mbasa kwenye mafiga, anza kupima sakafuni.